Mapeasi Hayapatikani Tororo

Tororo, Jumanne alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa jikoni kwako, moto unawaka na kikombe cha chai kiko karibu. Vipi presha? Zile dawa unazimeza kila asubuhi, au bado unazikata nusu ili zikae muda mrefu? Goti je? Huku mvua inanyesha kila siku saa nane mchana kana kwamba imeajiriwa, ikikatika jua linawaka upya na nguo zetu zinakauka juu ya ua. Joshua anakusaidia kuchota maji? Upendo ameacha kuuliza nitarudi lini, au bado? Mwambie daftari lake la hesabu nililichukua mimi kimakosa siku ile ya safari, na ndilo ninaloandikia sasa. Asimlaumu kaka yake.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba na sisi huku ni wazima. Nimeliandika neno hilo mara mbili na kulifuta mara mbili, utaona karatasi ilivyochubuka. Mama, tafadhali, barua hii asikusomee Joshua. Najua ndiye macho yako siku hizi, lakini hii mpe mama mchungaji. Na wewe ukae chini kabla hajaanza. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Kila ukipiga na kusema, "Agnes mwanangu, mumeo anaendeleaje?" ulimi wangu unakimbilia kwenye uongo kabla sijauzuia.

Nilikudanganya, Mama. Elia hakuvunjika mguu. Mguu wake umekatwa.

Ni wa kulia, juu ya goti. Waliukata siku ya pili baada ya ajali, na mimi nilipofika kutoka huko ulikuwa umeshakatwa. Nilimkuta amelala, shuka limetuna upande mmoja na upande mwingine limelala bapa juu ya godoro, nikasimama mlangoni nikidhani wamenionyesha mgonjwa wa mtu mwingine.

Najua utataka kujua ilikuwaje, maana sikuwahi kukueleza vizuri. Alikuwa na mzigo wa Kampala. Alishavuka mpaka hapo Malaba, yuko upande wa Uganda kwenye foleni anasubiri karatasi zake zitoke kwa wakala wa forodha. Foleni ya Malaba mtu anaweza kupika, kufua, na kufanya urafiki ndani yake kabla haijasogea. Alishuka kukaza kamba ya turubai nyuma ya gari. Lori lililokuwa nyuma yake liliachwa limezimwa, dereva wake ameenda kunywa chai, breki ikaachia. Wote walioona wanasema halikuja kwa kasi. Lilijisogeza tu, kama ng'ombe anayetoka zizini, likambana kwenye bampa ya gari lake mwenyewe. Wenzake walilisukuma kwa mikono wakamtoa, wakampakia kwenye gari dogo la kwanza lililokubali kusimama, wakamleta Tororo. Swalehe, yule dereva mwenzake mrefu aliyekuja kwenye ubatizo wa Upendo, ndiye aliyemshikilia mguu njia nzima. Ndiye pia atakayekuletea barua hii. Anarudi Dar kesho, ataiacha Mombo kwa binamu yako anayeuza mboga stendi.

Kwa nini nilikudanganya? Siku ile uliponipigia nilikuwa nimesimama uani hospitalini, nikakusikia unahema. Nikakumbuka daktari wa Lushoto alivyosema kuhusu presha yako. Nikasema, amevunjika tu, Mama, wamemfunga. Nilidhani nitakuambia ukweli wiki inayofuata. Wiki ikaja na simu yako, ukauliza wamefungua lini ile plasta, nikakujibu. Uongo mmoja ukazaa wa pili, na huu sasa ni mwezi wa tatu. Nisamehe. Si mimi ninayestahili kukuficha habari za mwanao.

Lakini kukatwa mguu siko kulikonifanya nikate tamaa. Wapo watu wengi wenye mguu mmoja wanaolima na kuendesha baiskeli. Kilichonivunja ni kwamba Elia aliacha kutaka kuishi.

Alianza polepole. Kwanza aliacha kuongea na Swalehe na wenzake waliokuwa wakipita kumwona wakisubiri foleni. Anajifunika uso wanapoingia, wanakaa, wanaweka maji na sabuni chini ya kitanda, wanaondoka. Kisha akaacha kula. Nilimpikia ugali, ambao huku wanauita posho, hakuutaka. Nikampikia makande, nikidhani labda ni hamu ya nyumbani, akala vijiko viwili kwa ajili yangu akavitapika. Uji aliunywa kidogo, halafu hata uji akaukataa. Mwanao aliyekuwa anamaliza sufuria na kukwangua chini, sasa ukimwinua unahisi mbavu kama unashika kikapu.

Siku moja aliniambia bila hata kugeuza kichwa, "Agnes, wewe bado una nguvu. Rudi kwenu. Ukipata mtu mzuri, asiwapige watoto, inatosha." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuagiza chumvi.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua nguo zake. Ile soksi ya mguu wa kulia, ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa, nilihisi ina kitu ndani. Nikaimwaga kwenye beseni. Zilikuwa dawa zake, zile za kuzuia kidonda kuoza, zimegandamana kama njugu. Alikuwa anaziweka chini ya ulimi muuguzi akiwa amesimama, akiondoka anazitema. Nilikaa chini pale penye bomba, maji yanamwagika, wanawake wengine wakawa wananipita wakijaza ndoo zao. Sikumwambia muuguzi. Niliogopa atamfokea mbele ya wodi nzima, na mimi nilijua kufoka hakutamsaidia mtu wa namna ile.

Nilielewa sasa kwa nini kidonda kilianza kunuka. Siku mbili baadaye daktari aliniita pembeni. Ni kijana mpole, anaongea Kiswahili kwa kukitafuta neno moja moja. Akasema nyama imeoza, lazima wakate tena, juu zaidi kidogo. Ila damu yake imeshuka na mwili hauna nguvu. Asipokula na asipomeza dawa, hawezi kuthubutu kumwingiza chumba cha upasuaji. Na yeye mwenyewe mgonjwa lazima akubali. "Mimi siwezi kukata mtu ambaye hapana taka," alisema. Akanipa mpaka Alhamisi. Baada ya hapo, alisema, sumu ya kidonda itapanda.

Nilipomweleza Elia, alisema, "Nipeleke nyumbani nikafie huko." Hicho tu.

Sasa nikueleze habari za Taaka, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Taaka ni mwanamke wa Kisamia, mkulima kutoka Sikuda, upande wa Busia. Amekuja kumwuguza baba yake, mzee Wandera, aliyeanguka akavunjika nyonga; kitanda chake kiko karibu na cha Elia. Sisi tunaouguza tunapika wenyewe nyuma ya wodi, chini ya bati, kila mtu na jiko lake la mkaa. Siku ya kwanza nilipouliza mahali pa kupata mkaa alinicheka. "Kiswahili yako ni kama ya redio," alisema. "Sema tu mkaa iko wapi." Tangu siku hiyo tunakoka moto pamoja. Anajua kila kitu kuhusu Elia. Soksi ile pia nilimwonyesha. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akanirudishia.

"Wewe umeuliza yeye anataka kula nini?" akaniuliza.

"Nimeuliza kila siku."

"Hapana uliza nini. Uliza ya nani."

Basi Jumamosi nikaenda nikakaa pembeni ya kitanda. Sikumuuliza anataka kula nini. Nilimuuliza, "Ulipokuwa mtoto, ukiumwa, nani alikuwa anakulisha?" Alifumbua macho. Kisha akasema, "Mama alikuwa ananiokea mapeasi." Akaniambia ulivyokuwa unayapanga kwenye sufuria na mkate mkavu uliosagwa, unaweka makaa juu ya mfuniko, na yeye anakaa pale chini akisikia yanavyochemka kwa ndani. Hicho ndicho alichosema kirefu kuliko vyote kwa wiki tatu. Halafu akafumba macho.

Mama, mimi nimeolewa na mwanao miaka kumi na moja na sijawahi kukuona ukipika kitu hicho. Ulikuwa unawapikia wagonjwa tu? Na mapeasi hayapatikani Tororo. Nilizunguka soko zima, nikimwelezea kila muuza matunda kwa mikono, tunda la namna ya chupa, gumu, lina maji, wakanionyesha maparachichi. Mama mmoja aliniuliza kama ni dawa.

Nilirudi bure. Taaka alikuwa ameenda nyumbani Sikuda kuangalia mihogo yake, na aliporudi Jumapili jioni alikuwa na maembe ndani ya leso, yameangushwa na upepo, nusu mabichi. Niliyashika. Yalikuwa magumu na yalinukia uchachu kidogo. Nikafikiri, peasi nalo ni gumu na lina uchachu kidogo. Sikuwa na kingine.

Jana nilikusanya kilichokuwepo. Maembe matano. Ndizi zile ndogo za kisukari ambazo maganda yake yalikuwa yameshakuwa meusi, Elia alizikataa tangu wiki iliyopita. Robo ya mkate iliyokauka mpaka ikawa kama ubao. Sukari yangu ya chai. Siagi nilipewa kijiko kimoja na mama anayemwuguza mwanawe kitanda cha mlangoni, na limau nililiokota chini ya mti wa pale kanisani. Nilimenya maembe, nikayakata vipande vinene, nikapanga chini ya sufuria. Ndizi juu. Mkate niliusaga kwa chupa nikauchanganya na siagi na sukari, nikafunika nao, nikakamulia limau, nikaweka mfuniko na makaa juu kama alivyoeleza. Nikakaa pale chini kusikiliza.

Nilisikia, Mama. Kilichemka kwa ndani. Halafu nikasikia harufu ya kuungua. Nilipofunua, juu bado mkate ulikuwa mweupe na chini maembe yameshakuwa makaa. Nusu ya kila kitu nilichokuwa nacho. Nililitazama lile sufuria nikaanza kulia, na sikuwa nalia kwa sababu ya maembe.

Taaka alikuja akaniondoa pale kwa bega. Hakunibembeleza. Alichota mchanga kwenye lile rundo la mafundi wanaojenga ukuta, akaumwaga kwenye sufuria langu kubwa. "Sisi keki ya harusi tunapika hivi," alisema. "Mchanga chini. Sufuria ndogo ndani. Moto ya chini kidogo, ya juu mingi. Wewe ulifanya kama unachemsha maharage." Akaokoa vipande vya juu ambavyo havikuungua, akaongeza maembe mawili aliyokuwa amemwekea baba yake. Nilimwambia asifanye hivyo. Akasema baba yake ana meno mawili, embe bichi atalifanyia nini.

Mvua ya saa nane ilitukuta pale. Tulisogeza jiko ndani zaidi, tukakaa tumelizunguka, na Taaka akanisimulia kwamba mume wake alikuwa mvuvi, alienda ziwani asirudi, na kwamba mwaka ule alipanda mtama akasahau kuuvuna. "Ilikauka yote shambani. Watu walikuwa wanapita wanasema huyu mwanamke mvivu," alisema. Tulifunua. Juu kulikuwa kumepiga rangi ya udongo, na pembeni sharubati ya embe ilikuwa inachuruzika na kuganda. Wanawake wote wa pale nyuma waligeuka kutazama.

Niliingia nacho wodini kikiwa cha moto. Elia alikuwa ameelekea ukutani. Niliweka sufuria juu ya kile kimeza. Nikaona pua yake inafanya kazi. Akageuka.

"Nini hicho?"

"Onja."

Nilimwinua, nikampa kijiko kimoja. Alikitafuna kwa muda mrefu macho yakiwa darini. Mama, sijawahi kuomba Mungu kwa bidii kama nilivyoomba kwenye kile kijiko.

"Hii si ya Mama," akasema.

"Si ya Mama. Mama yuko Lushoto, na mapeasi yako Lushoto."

Akarudi ukutani. Akausukuma mkono wangu, si kwa ukali, kama unavyomsukuma nzi.

Nilibaki nimeshika kijiko. Kwenye kitanda cha pili mzee Wandera alikohoa. "Mtoto," akaniambia, "kama yeye hapana taka, pitisha huku. Meno yangu iko mbili, lakini iko." Nikampelekea sufuria lote. Nilikuwa sioni mbele. Taaka akamsogezea akaanza kumlisha, na mzee alikula akilamba midomo, akatoa sauti za kushukuru kwa lugha yao, mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni naye akaomba, akapewa.

Na Elia, akiwa bado anatazama ukuta, akasema, "Mwambie daktari aandike karatasi. Kesho nirudi nyumbani."

Hapo ndipo kitu ndani yangu kilipokatika. Sikupiga kelele. Nilichukua daftari hili na kalamu nikaviweka juu ya kifua chake.

"Sawa," nikamwambia. "Nitakurudisha. Ila kwanza mwandikie mama yako. Mimi siwezi. Yeye hajui kama mguu umekatwa."

Akageuka mzima, kwa haraka mpaka akauma meno kwa maumivu. "Hajui?"

"Anajua umevunjika. Jana Jumapili ameniuliza kama umeanza kukanyaga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umeanza."

Alinitazama, Mama, kama hajawahi kuniona. Miezi miwili na nusu alikuwa anadhani wewe unajua. Alidhani ulishamlilia, ukamaliza, ukamzoea kama aliyekufa. Sikujua kwamba alikuwa anadhani hivyo. Hatukuwahi kuzungumza. Mimi nilimficha yeye kwako, na nikakuficha wewe kwake.

"Kwa hiyo kule nyumbani," akasema taratibu, "mimi bado nina miguu miwili."

"Ndiyo."

Akajifunika shuka usoni. Nilidhani ameanza tena yale ya kunyamaza. Kisha nikaona shuka linatikisika. Mwanao analia kwa shida, kama mtu ambaye hakufundishwa. Sikumgusa. Nilikaa tu pale. Taaka alisimama akavuta lile pazia bovu linalogawa vitanda, nusu likafika, nusu halikufika. Muuguzi aliingia na trei yake, akatuona, akatoka.

Mvua ilikuwa imeshakatika. Sauti yake ikatoka ndani ya shuka.

"Imebaki?"

Nilisimama kama niliyechomwa. Sufuria lilikuwa kwa mzee Wandera, na mzee Wandera, Mungu ambariki, alikuwa amelimaliza. Ilibaki ile tabaka iliyoganda chini na pembeni, nyeusi nusu, iliyoshikana na sukari. Taaka aliikwangua kwa kijiko kwa nguvu zake zote, akatoa kama kiganja kimoja hivi. Niliona aibu kumpa. Akaipokea kwa mkono, akaanza kuitafuna mwenyewe, amekaa, mgongo umeegemea chuma cha kitanda. Alimaliza. Akalamba vidole.

"Mama hutia kitu kingine," akasema. "Sijui ni nini. Hii inakosa kitu."

"Nimetia limau."

"Si limau."

"Basi ni nini?"

"Nimesema sijui."

Tulibishana, Mama. Mimi na mume wangu tulibishana juu ya chakula kama watu walio nyumbani kwao. Muuguzi aliporudi na dawa, Elia alizipokea, akazimeza, akafungua mdomo wazi bila kuambiwa akamwonyesha. Muuguzi akanitazama. Nadhani alikuwa anajua siku zote.

Nisingependa uishie hapo ukafikiri yamekwisha. Nimekuahidi moyoni kutokudanganya tena, kwa hiyo nakuandikia na ya leo. Asubuhi alitapika. Homa imepanda na jicho moja limekuwa jekundu. Kidonda kilipofunguliwa nilitoka nje, sikuweza. Daktari alikuja, Elia akamwambia mwenyewe, "Kata." Daktari akasema vizuri, ila damu bado ni kidogo, watu wanapaswa kumchangia. Swalehe ametoa leo, na madereva wawili Wakenya kutoka kwenye foleni walikuja na vumbi lao wakatoa, wakaondoka kabla sijapata majina yao. Taaka naye alitaka kutoa, wakamwambia damu yake haimtoshi hata yeye mwenyewe. Akakasirika kutwa nzima. Upasuaji ni Alhamisi asubuhi. Barua hii ikikufikia, litakuwa limeshatokea, lolote litakalokuwa. Nimewaza sana juu ya hilo. Nimeogopa kwamba mama mchungaji atakuwa anakusomea maneno ya mtu ambaye hayupo. Lakini Elia amesema ipelekwe hivyo hivyo, maana tukisubiri apone ndipo uambiwe, ni kukudanganya mara ya pili.

Naomba mambo matatu. La kwanza, unisamehe, na kama huwezi sasa, usinifokee kwa simu kabla sijakupigia mwenyewe. La pili, usije. Najua utafunga mzigo usiku huo huo. Safari ni ndefu na presha yako itakuangusha njiani, na mimi sina mikono ya wagonjwa wawili. La tatu, mwambie mama mchungaji aandike unavyooka yale mapeasi, kila kitu, hata ukiona ni kitu kidogo cha kijinga, ampe binamu Mombo. Swalehe atapita tena baada ya wiki mbili. Kama bado yako mtini, weka machache yaliyo magumu kabisa, uyafunge kwenye majani ya mgomba.

Sasa nawasalimu. Msalimie mama mchungaji, na uniombee radhi kwa mzigo niliomtwisha. Msalimie shemeji yangu Yohana, umwambie kaka yake alimuota juzi wakichunga mbuzi, na ndiyo ndoto pekee aliyonisimulia. Wifi Eliza msalimie, najua ananikasirikia kwa kutompokelea simu. Msalimie mjomba wa Elia anayetunza kengele ya kanisa, aombe kwa jina, asiseme tu "wagonjwa wote". Watoto uwabusu, Joshua hata akijifuta. Taaka ameniambia nikusalimie na yeye, nikuambie ni yule mama wa Sikuda aliyemchomea mwanao maembe, na kwamba mzee Wandera anauliza kesho kuna nini.

Nimechoka mkono, na jua linazama. Natua hapa kalamu, nikiwa bado binti yako kama utanikubali hivyo,

Agnes

Mama, huyu ni mimi Elia. Nimeomba kalamu, naandika nimelala, mnisamehe mwandiko. Yote aliyoandika ni kweli. Sina la kuongeza ila moja. Watoto uwaambie wewe mwenyewe, kabla sijafika. Wachoree chini kwa kijiti mtu wa mguu mmoja, wazoee kuona. Sitaki nishuke kwenye gari wanikimbie.